Pombe, Mshahara na Siri: Kutafuta Tiba Masisi na Walikale

Uraibu wa pombe kwa mtu mwenye ajira hukua polepole na kwa kujificha. Muuguzi, mwalimu, dereva wa shirika la misaada au karani wa ofisi ya wilaya anaweza kunywa miaka mingi huku akifika kazini, akitia saini daftari la mahudhurio na kutimiza sehemu kubwa ya wajibu wake. Mabadiliko ya kwanza huwa madogo. Kiasi kinachohitajika ili usingizi uje kinaongezeka, mikono inatetemeka asubuhi mpaka glasi ya kwanza ishuke, visingizio vya Jumatatu vinazoeleka. Ndoa huyumba, madeni hurundikana, marafiki wasiokunywa hupungua, mshahara hubaki. Kwa kuwa ndio uliosalia, mnywaji huulinda kwa nguvu zake zote, na ulinzi huo ndio unaomzuia kwenda kwa daktari, maana daktari akijua, mwajiri naye huenda akajua.

Katika wilaya za Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini, mshahara mmoja hulisha midomo mingi. Vita vilivyoanzia sokoni Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, na vile vilivyofuata tangu 1996, vimewang'oa watu mashambani mara kwa mara, na familia iliyokimbilia Sake au Kitchanga hutegemea yule mmoja mwenye kazi. Akiipoteza, hapotezi cheo chake tu. Watoto wa dada yake wanatolewa shule, kodi ya nyumba inakosekana, mama mzazi anakosa dawa. Mlevi anajua hesabu hiyo vizuri kuliko wanaomlaumu, na mara nyingi ndiyo anayoitaja anapoulizwa kwa nini hajatafuta msaada.

Pombe yenyewe haiko mbali. Masisi ni nchi ya vilima, malisho na migomba, na kinywaji chake cha nyumbani ni kasiksi, maji ya ndizi mbivu yaliyochachushwa kwa mtama. Walikale ni msitu. Huko muhogo na mahindi hupikwa na kutoneshwa kuwa kanyanga au lotoko, pombe kali isiyopimwa na mtu yeyote, ambayo nguvu yake hutofautiana mtungi kwa mtungi. Juu ya hizo kuna Primus ya Bralima, kampuni iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1923, na bia hufika hata mahali ambapo vidonge vya malaria havifiki. Pale mgodi wa Bisie, Walikale, ulipofurika wachimbaji wa kasiterite, yaani madini ya bati, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, watu walitembea msituni kutoka Ndjingala wakiwa na mizigo mgongoni, na bia ilipanda nao. Rubaya, kwenye koltani ya Masisi, pesa taslimu ya siku huishia vivyo hivyo kwenye meza za jioni. Mtu mwenye kazi ya ofisi katika miji ya namna hiyo ni mgeni wa heshima kila anapokaa. Kumnunulia ni adabu, na kukataa kwake huonekana dharau.

Sababu za kunywa zinafahamika na hazihitaji kurembwa. Muuguzi wa Nyabiondo au Pinga hupokea majeruhi wa risasi na wanawake waliobakwa, usiku, kwa taa ya tochi, kisha asubuhi anaanza chanjo za watoto. Hakuna wa kumsikiliza yeye. Pombe humpa saa chache za usingizi na kumdai riba, kwa sababu usingizi wa pombe hukatika alfajiri na hofu hurudi ikiwa kubwa zaidi. Hata hivyo si kila mlevi amejeruhiwa na vita. Wapo waliorithi mazoea nyumbani, wapo walioanza kwa sherehe, na tiba haihitaji kisa cha kusikitisha ili ianze.

Kumbukumbu iliyoandikwa wazi kuliko nyingi kuhusu kazi na pombe ni ya daktari mpasuaji wa Akron, Ohio, Robert Holbrook Smith, anayejulikana kama Dr. Bob. Alizaliwa Vermont mwaka 1879, akasomea udaktari Michigan na Chicago, akafungua chumba chake cha kuganga Akron mwaka 1912. Simulizi yake ilitoka mwaka 1939 katika kitabu cha chama alichosaidia kukianzisha, Alcoholics Anonymous. Thamani yake kwa msomaji wa Masisi iko katika jambo moja analolieleza bila kujitetea: kazi yake haikumzuia kunywa, ilipanga tu saa za kunywa. Aliogopa vitu viwili, kukosa usingizi na kukosa pombe. Ili asikose pombe ilimbidi apate pesa, na ili apate pesa ilimbidi aonekane mzima hadi jioni. Asubuhi alituliza mikono kwa dawa za usingizi badala ya kunywa; akishindwa kujizuia, hakwenda hospitali. Chupa alizificha kwenye makaa, kwenye nyufa za vigae vya chumba cha chini ya nyumba, juu ya miimo ya milango, hata ndani ya soksi. Kwa namna hiyo alidumu miaka mingi, akiingia na kutoka kwenye nyumba za tiba bila kupona.

Mwezi Mei 1935 alikutana na Bill Wilson, mtu wa soko la hisa la New York aliyekuwa ameacha pombe miezi michache kabla na ambaye kazi yake mwenyewe ilikuwa imeshaharibika. Dr. Bob aliacha kwa muda, akaanguka tena alipokwenda kwenye mkutano wa madaktari Atlantic City, na aliporudi alikuwa na upasuaji wa kufanya. Asubuhi hiyo, tarehe inayohesabiwa na chama chao kuwa 10 Juni 1935, Wilson alimpa bia moja ili mikono isitetemeke. Ilikuwa ya mwisho. Mgonjwa wa siku hiyo hakuchagua kupasuliwa na mtu wa hali hiyo, na msomaji ana haki ya kushtuka. Kumbukumbu hii haifai kusomwa kama ruhusa. Inaonyesha mahali ambapo siri hufika inapoachwa iendelee: mgonjwa kitandani, kisu mkononi, na watu wawili tu wanaojua.

Kilichofuata siku hiyo kina uzito kuliko bia. Baada ya upasuaji daktari hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alizunguka mjini akiwatembelea watu aliokuwa amewaogopa, akawaambia tatizo lake. Miaka yote alikuwa ameamini kwamba kukiri kungemaliza riziki yake, hasa kwa mtu wa taaluma kama yake. Alipokelewa vizuri kuliko alivyotarajia, na akagundua kwamba wengi walikuwa wakijua zamani. Alifanya kazi miaka 15 zaidi, na pamoja na Sista Ignatia wa hospitali ya St. Thomas aliwahudumia walevi wapatao 5,000 bila malipo kabla ya kufariki mwezi Novemba 1950.

Kituo cha afya cha kijijini hakitofautiani na Akron kwa siri hiyo ambayo wengi wanaijua. Wanafunzi wa darasa la 5 huijua harufu ya mwalimu wao. Akina mama hujua ni siku zipi afadhali kumpeleka mtoto asubuhi mapema, kabla ya saa nne. Mwenzake wa dereva anayekunywa hushika usukani bila kuombwa. Mfamasia huhesabu spiriti mara mbili. Hakuna anayesema, kwa sababu mlevi anaitwa Docta, au Mwalimu, na mtu wa namna hiyo haambiwi usoni, mkubwa husitiriwa. Sitara hiyo ina upendo ndani yake, lakini humfanya mlevi aamini kwamba siri ipo. Analinda kitu kilichokwisha kuvuja, na anailipia imani hiyo kwa miaka ya ini lake.

Hata hivyo hofu yake si ya kubuni, na anayemshauri akiipuuza hatasikilizwa. Wauguzi wengi wa vituo vya afya hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, au hupata posho tu. Huishi kwa fungu la pesa za wagonjwa na kwa nyongeza za mashirika yanayosaidia zoni ya afya. Asiyekuwepo mwezi huu hana fungu mwezi huu. Walimu wasioandikishwa wako pabaya zaidi, hasa tangu elimu ya msingi ya umma ilipofanywa bure Septemba 2019 na michango ya wazazi kuondolewa. Mikataba ya mashirika ya misaada ni ya miezi michache na huweza kuisha kimya kimya, bila mtu kufukuzwa. Shule nyingi ni za makanisa, chini ya makubaliano ya mwaka 1977 kati yao na serikali, na makanisa ya Kiprotestanti yenye nguvu Kivu, kama CBCA na 8e CEPAC, hayaruhusu pombe kwa waumini wao. Mwalimu wa shule hizo akijulikana, anasimama mbele ya wazee wa kanisa na mbele ya mwajiri kwa kosa moja.

Muuguzi ana ugumu mwingine. Mahali pa kutibiwa ni mahali pake pa kazi. Titulere, yaani muuguzi mkuu wa kituo, akitaka kujilaza ataandikwa kwenye daftari na msaidizi wake, katika chumba ambacho kamati ya afya ya kijiji hupita ikiangalia kila kitu. Hospitali kuu iko chini ya daktari mkuu wa zoni, ambaye ndiye msimamizi wake. Kwa hiyo hukaa, huanza kujitibu kwa diazepamu, dawa ya kutuliza, kutoka kabati la kituo, na sasa ana vitu viwili vya kuacha.

Hapo ndipo hatari ya mwili inapohitaji kuelezwa wazi, kwa sababu wenye aibu hujaribu kuacha peke yao, nyumbani, kwa kujifungia. Kwa mtu aliyekunywa sana kila siku, kuacha ghafla kunaweza kuua. Mtetemeko, jasho, kichefuchefu na mapigo ya haraka ya moyo huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege huweza kuja ndani ya siku 2 za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa, huona watu au wadudu wasiokuwepo, hupata homa na mapigo ya moyo yasiyotulia; mara nyingi jamaa hudhani mgonjwa amerogwa au ana malaria ya kichwani, na kumpeleka kwenye maombi badala ya wodini. Maombi yana nafasi yake baadaye. Siku hizo 4 zinahitaji mtu anayejua kupima shinikizo la damu na kutoa dawa.

Dawa zenyewe si za ajabu, na hii ndiyo habari njema kwa Walikale. Diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku huzuia degedege. Vitamini B1, yaani tayamini, hukinga ubongo, na ni lazima itangulie maji ya sukari ya mshipani, kwa kuwa glukosi ikiingia kwanza kwa mtu aliyeishiwa tayamini inaweza kumletea uharibifu wa kumbukumbu usiorudi nyuma. Maji, chakula, chumba tulivu na mlinzi wa usiku hukamilisha yaliyobaki. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2010 mwongozo kwa wauguzi na madaktari wasio wataalamu wa akili, na ulevi umo. Liliandaa pia maswali 10 yaitwayo AUDIT, ambayo majibu yake hujumlishwa hadi 40: alama 8 na kuendelea ni dalili ya unywaji wa hatari, na 20 au zaidi huelekeza kwenye utegemezi. Mtu anaweza kujipima kwa karatasi na kalamu kabla ya kumwambia mtu yeyote, na kwa mwenye hofu hiyo ni hatua ya kwanza nzuri, mradi isiwe ya mwisho.

Kwa hali nzito zaidi, tiba ya akili iko mijini: kituo cha Tulizo Letu Goma na Sosame Bukavu, vyote vikihusishwa na Mabruda wa Upendo wa Kanisa Katoliki. Zamani safari ya Goma ilimpa mtu wa Masisi faida ya pili, kutibiwa mahali asipojulikana. Vita vimeipunguza faida hiyo. Mwaka 2025 kundi la waasi la M23 liliingia Masisi-centre, Sake na Goma mwezi Januari, Bukavu mwezi Februari, na Walikale-centre tarehe 19 Machi kabla ya kuondoka huko mwanzoni mwa Aprili. Benki za Goma zilifungwa, uwanja wa ndege pia. Muuguzi wa upande wa serikali anayetaka kulazwa Goma huvuka mstari wa mapigano, na sababu ya safari yake itaulizwa kwenye kila kizuizi. Kwa wengi, basi, tiba inayowezekana ni ile ya hospitali kuu iliyo karibu, na siri italindwa na watu badala ya umbali.

Sheria iko upande wa mgonjwa kuliko anavyodhani. Kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo kinamwadhibu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa ajili ya taaluma yake, na daktari mkuu wa zoni anayemtibu muuguzi wake anabanwa nacho kama anavyobanwa kwa mgonjwa mwingine. Kanuni ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, husimamisha mkataba wakati wa ugonjwa bila kuuvunja. Mfanyakazi hupata theluthi mbili za mshahara wake wa fedha, na mwajiri hawezi kuuvunja mkataba kwa sababu ya ugonjwa huo kabla ya miezi 6 mfululizo ya kutoweza kazi. Watumishi wa kudumu wa serikali wana sheria yao ya mwaka 2016. Cheti cha daktari kinaweza kutaja siku za mapumziko pekee, bila jina la ugonjwa, na aliyewahi kulazwa kwa homa ya matumbo anajua kwamba hakuna ofisi iliyodai zaidi. Kwa asiye na mkataba wala namba ya utumishi, vifungu hivyo havimfikii. Anayebaki naye ni msimamizi mwenye moyo, na makubaliano ya mdomo mbele ya shahidi.

Tofauti kubwa iko katika wakati. Anayekwenda kwa daktari kabla ya tukio anakwenda kama mgonjwa. Anayekwenda baada ya gari kupinduka njia ya Nyabiondo, au mtoto kupewa kipimo kisicho chake, anakwenda kama mshtakiwa, na sheria ya kazi ina neno la kosa zito kwa aliyehatarisha usalama wa wengine. Hofu ya kupoteza kazi, ikifikiriwa hadi mwisho, inamhimiza aende mapema. Ikifikiriwa nusu tu, inamwambia asubiri.

Mpangilio wa kuwaambia watu nao una maana. Wa kwanza ni mtabibu mmoja, ikiwezekana wa zoni nyingine au wa hospitali isiyo ya mwajiri. Wa pili ni mtu wa nyumbani, mara nyingi mke, ambaye amejua muda wote na ndiye atakayelinda siku za kutetemeka na kupanga pesa za likelemba, yaani upatu, ili mwezi usio na fungu upite. Msimamizi huja baada yao, na yeye haambiwi historia yote. Anaambiwa siku za kutokuwepo, nani atashika zamu, na tarehe ya kurudi. Wazee wa kanisa wanaweza kungoja hadi mtu amesimama, kwa sababu toba inayotolewa hadharani siku ya 3 ya kuacha humweka kwenye jukwaa ambalo miguu yake haijaliweza.

Je, watu wa taaluma hupona na kubaki kazini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la BMJ uliwafuatilia madaktari wa Marekani waliokuwa kwenye programu 16 za matibabu na uangalizi kwa ajili ya pombe au dawa za kulevya. Kati ya 802 ambao matokeo yao yalijulikana, 631 walikuwa na leseni na kazi baada ya miaka 5. Waliofutiwa leseni walikuwa 87. Madaktari hao walikuwa na bima, maabara na wanasheria, vitu ambavyo Pinga haina. Lakini nguvu ya mpango ule ilikuwa katika mambo yasiyo ghali: masharti yaliyoandikwa, kupimwa kwa miaka badala ya wiki, na ahadi kwamba mlango wa kazi uko wazi kwa anayeyatimiza. Visiwani Zanzibar, nyumba za upataji nafuu zilizoanza kufunguliwa karibu na mwaka 2009 na watu waliopona wenyewe, hasa kutoka heroini, zimefika mbali zaidi: aliyekuwa mgonjwa huajiriwa kuwalinda wengine, na historia yake inakuwa sifa ya kazi.

Kurudi kazini kunahitaji kupangwa kama kulazwa kulivyopangwa. Miezi ya kwanza zamu za usiku za upweke hazifai, wala ufunguo wa kabati la dawa, na safari za siku nyingi kwenye machimbo ziende kwa mwingine. Posho isilipwe kwa bia kwenye semina, jambo ambalo wakuu wengi hulifanya kwa wema. Kuteleza hutokea, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, na ni vizuri aliyerudi na msimamizi wake waandike mapema kwenye karatasi litakalofanyika: mtu asiingie wodini wala asishike usukani siku hiyo, ajitaje mwenyewe kwa mtu aliyetajwa kwenye karatasi, arudi kwa mtabibu kesho yake. Karatasi hiyo ina saini mbili na nakala mbili, na huangaliwa upya kila miezi 3 na walewale wawili walioiandika.